Yakuti Zilizofichika

Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipoupinga Mswada wa Fedha, walikerwa pia na wanasiasa waliojitapa kwa saa za mkononi za thamani kubwa. Hata hivyo, saa yenyewe ina funzo. Ndani ya saa ya ufunguo aghalabu mna vijiwe 17 vya yakuti, vingi vikiwa vimeshika ncha za mihimili ya magurudumu ili zisilike kwa msuguano. Almasi zilizoupamba uso wake hazisogezi hata akrabu moja. Wachumaji chai wa Kabianga ni mithili ya yakuti hizo: hawaonekani, ilhali mzunguko wa uchumi umewaegemea. Ujira wao ndio ustahilio kuwa kipimo cha uongozi, wala si mng'ao wa kifundo cha mkono. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.