Kichwa kinauma, shida iko shingoni (Sehemu ya 3)

Leo tuongelee kichwa kile kinachoanzia kisogoni, kinapanda upande mmoja, mwisho kinatulia nyuma ya jicho. Msimamo wangu nausema mapema: kichwa cha namna hii kinataka mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia pamoja na mazoezi, sio panadol kila siku.

Kinatokeaje? Mishipa ya fahamu ya sehemu ya juu ya shingo na ule wa usoni hupeleka taarifa zake mahali pamoja kabla hazijapanda kwenye ubongo. Ubongo unachanganya. Pingili ya shingo ndiyo iliyokaza, wewe unasikia jicho. Dalili yake kubwa: ukigeuza shingo kinazidi, na mara nyingi shingo yenyewe inagoma kugeuka vizuri.

Sasa mtazame mwenye kichanga. Ananyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, kainamisha shingo. Usiku analala amejikunja. Mchana ndoo, kufua, simu. Hiyo shingo itaacha kulalamika kweli?

Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 200 wa kichwa hiki. Waliotibiwa kwa mikono, na waliofanya mazoezi maalumu ya shingo, walipata nafuu kuliko wasiopewa tiba hizo. Tiba ilikuwa ya wiki sita tu, lakini mwaka mmoja baadaye nafuu bado ilikuwepo. Panadol haiifundishi shingo kujibeba. Tena ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, zenyewe zinaweza kugeuka chanzo cha kichwa.

Najua mtasema, "Nesi, hiyo ya wenye hela." Nauli ipo, foleni ipo, sikatai. Ila mazoezi ukishafundishwa unayafanya nyumbani bure, na hayo ni nusu ya tiba. Muulize daktari kama hospitali yenu ina kitengo cha fiziotherapia.

Lakini jamani, sio kila mikono! Kinyozi anayekunyonga shingo mpaka ilie "kwaa" hajakutibu. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunaweza, ingawa ni mara chache, kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, ukapata kiharusi. Mtaalamu anakuuliza maswali na kukupima kwanza, ndipo anagusa.

Na kabla ya mikono ya yeyote, pima presha. Mjamzito, au uliyejifungua ndani ya wiki sita: kichwa kikali, maruweruwe machoni, maumivu chini ya chembe ya moyo, hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba kinanyemelea. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, homa na shingo kukakamaa, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito. Uliyechomwa sindano ya mgongo, na kichwa kinazidi ukikaa na kupungua ukilala, rudi pia.

Akina baba mnaosoma kimya kimya: mwekeeni mto chini ya mkono anaponyonyesha, mtoto aje kifuani, sio shingo imfuate mtoto. Na ile ndoo, bebeni nyie.

Nani ameshatibiwa shingo kwa fiziotherapia? Tuambie hapo chini ilikuwaje, kuna mwenzio anasoma huku kashika kisogo.