Ova 50 Si Ova 20

Wanachama wenzangu, wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tumeijua kriketi ya wanawake kwa ova 20. Ndani ya saa tatu mechi imekwisha, watu wamekwenda zao. Safari hii nawaombeni muitazame ile ya siku nzima.

Msichana anayeanzia Queensburgh, hapa njiani kuelekea Pinetown, akifika ngazi ya mkoa huichezea Dolphins, timu ya pwani ya KwaZulu-Natal. Katika ligi ya siku moja kila upande hupata ova 50, yaani mipira 300. Mpigaji wa kwanza anaweza kukaa ova kadhaa bila kuufikisha mpira kwenye kamba, na hakuna wa kumzomea. Anasubiri mpira mpya uishe makali. Ova 20 hazikupi nafasi hiyo.

Tazameni Nonkululeko Mlaba, binti wa Durban, anayezungusha mpira kwa mkono wa kushoto. Desemba 2024 kule Bloemfontein, katika mechi ya siku nyingi dhidi ya England, alichukua wiketi 10, mwanamke wa kwanza wa Afrika Kusini kufanya hivyo. Timu yake ilifungwa vibaya, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa kwetu. Juni 2019 mjini Kigali, Fatuma Kibasu wa Tanzania aliwapiga Mali mikimbio 108 bila kutolewa. (Mtaalamu wa sarufi atapendelea "mbio"; mimi nafuata magazeti ya michezo.) Tanzania ilifikisha 285 kwa wiketi moja, Mali wakatoka na 17. Nilifurahi, kisha nikajiuliza: mpigaji wa namna hii atapimwa wapi? Tangu Julai 2018 mechi za ova 20 za timu zote za wanawake za nchi wanachama wa ICC zinahesabiwa za kimataifa. Za ova 50 hazihesabiwi hivyo kwa Tanzania, Kenya, Uganda wala Rwanda, kwa hiyo ratiba yote imejaa ova 20.

Afrika Kusini, mwaka 2023, timu 6 za daraja la juu zilifanywa za kulipwa, kila moja ikiwa na wachezaji 11 wa mkataba. Sidai tuige mishahara leo. Nataka ligi ya ova 50, hata ya timu nne tu, Dar es Salaam au Nairobi.

Mechi huanza asubuhi. Njooni na kofia, maji, na mtu wa kubishana naye.