Tusimwache Kitandani

Ndugu zangu wa Arua na Koboko, kiharusi kikimwangusha mtu, jirani hamtupi. Gari linatafutwa usiku, fedha zinachangwa, anafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Arua. Hilo tunaliweza. Kinachotushinda ni wiki zinazofuata, akisharudishwa nyumbani. Analazwa chumbani, analishwa, anaogeshwa, na sote tunaamini tunamtendea wema.

Kumbe mazoezi ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, ingawa hata baadaye nafuu hupatikana. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi, ila zilizo hai zaweza kujifunza kazi yake, mradi mazoezi yarudiwe kila siku. Mkono ukiachwa tu, vidole hujikunja na bega hukakamaa.

Kwa hiyo daktari akisharuhusu, mketisheni. Mwekeeni ungo wa njugu, aokote mojamoja kwa mkono ule dhaifu na kutia kikombeni. Zitamwagika. Msimwokotee, hata kama roho inawauma. Ajizoeze kuinuka kitini, mtu akisimama upande uliopooza. Na nawasihi sana, msimvute kwa mkono huo: misuli ya bega imelegea, mfupa huteguka, naye atashindwa mazoezi kwa maumivu. Akila aketi wima. Akikohoa kila anapomeza, apelekwe hospitali upesi, kwani chakula huenda kinaingia mapafuni. Dawa za presha zisikatishwe kwa kuwa anajisikia nafuu. Kiharusi cha pili hupitia hapo. Wanaosema amerogwa wataendelea kusema. Mgonjwa aendelee na mazoezi.

Vijana, chimbieni nguzo uani na mfunge juu yake miti miwili sambamba, kimo cha kiuno, ashikilie akijifunza kutembea. Toka Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita hamsini, na nauli ya kwenda na kurudi ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Wenye magari, siku ya kliniki mpeni mgonjwa nafasi. Madiwani, bajeti ikisomwa ulizeni: wataalamu wa tiba ya viungo wako wangapi, na mgonjwa wa kijijini anawapata wapi?

Nawe unayeishi jirani na mgonjwa, nenda leo jioni ukashike zamu ya nusu saa ya mazoezi, ili mke au binti anayemuuguza apate kupumzika.