Maji ya Kyamwilu na Mizani ya Mtihani wa Fizikia

Kyamwilu, karibu na mji wa Machakos, ni mahali mashuhuri kwa barabara ambayo maji yakimwagwa huonekana yakipanda mlima. Wageni hustaajabu, kisha huondoka. Mwanafunzi wa fizikia hana budi kuuliza: je, ni kweli yanapanda? Swali hilo hudhihirisha pengo lililomo katika tathmini ya stadi za kutatua matatizo katika shule za upili nchini Kenya.

Katika mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, karatasi ya tatu ya fizikia, yenye alama 40, ndiyo ya vitendo. Hata hivyo, humo mtahiniwa hupewa vifaa na kuelekezwa hatua kwa hatua: pima, rekodi, chora grafu, kokotoa. Hizo ni stadi muhimu, ila uamuzi mgumu kuliko yote, yaani kuchagua njia, umeshafanywa na mtunzi wa mtihani.

Fundi mwashi hafanyiwi uamuzi huo. Anapotaka kulinganisha kimo cha pembe mbili za msingi, huchukua mpira mwangavu uliotiwa maji, kwa kuwa maji yaliyotulia hulingana kimo katika ncha zote mbili. Mpira huo ukitumiwa Kyamwilu utabainisha kwamba barabara inateremka pale inapoonekana kupanda, na kwamba kilichodanganywa ni jicho. Mwanafunzi anayependekeza jaribio hilo bila kuelekezwa ameanza kutatua tatizo kabla ya kuandika fomula yoyote.

Kwa hiyo, inafaa tathmini za shuleni za Gredi ya 10, iliyoanza mwaka 2026, zitenge alama za mpango unaoelezwa kwa maneno: tatizo ni lipi, kanuni ipi inahusika, jaribio gani litaamua, na jibu litahakikiwaje. Aidha, mwanafunzi aruhusiwe kuueleza mpango huo kwa Kiswahili. Fizikia hutahiniwa kwa Kiingereza, na fikra sahihi iliyokosa msamiati wa lugha hiyo huweza kuhesabiwa kuwa ujinga.

Huenda ikadaiwa kwamba alama za maelezo hutegemea maoni ya msahihishaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini insha za Kiswahili husahihishwa kila mwaka kwa vigezo vilivyokubaliwa, na matokeo yake huaminiwa. Fizikia nayo inaweza kuazima mizani hiyo.