Kanuni za Madaktari wa Mifugo na Haki ya Mfugaji

Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu ana uhusiano gani na kupe, chanjo na ndigana? Jibu langu ni kwamba kanuni huwa lugha kabla ya kuwa amri. Asiyeielewa lugha yake hawezi kuchangia utungaji wake, wala hawezi kudai haki inayompa.

Hebu tutazame jinsi kanuni za taaluma hii zinavyozaliwa. Sheria ya mwaka 2011 iliipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya jukumu la kuwasajili madaktari hao pamoja na wataalamu wasaidizi, kuwapa leseni na kuwatia adabu wanaokiuka maadili. Hata hivyo, sheria mama haiwezi kutaja kila jambo. Mapengo huzibwa kwa kanuni, ambazo Waziri hupewa mamlaka ya kuzitunga.

Mamlaka hayo yana hatamu. Kifungu cha 94 cha Katiba ya 2010 kinakataza yeyote kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria bila idhini ya Katiba au ya sheria iliyopitishwa. Nayo sheria ya 2013 kuhusu kanuni za aina hii inamtaka mtungaji ashauriane na watakaoathirika. Kanuni zikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lazima ziwasilishwe Bungeni katika muda wa siku 7 za vikao, la sivyo zinabatilika. Isitoshe, kanuni hufikia kikomo baada ya miaka 10, isipokuwa ziongezewe muda. Kwa hivyo, kuzipitia upya si hisani ya mkubwa yeyote, bali ni wajibu.

Kwenye karatasi, utaratibu huu unapendeza. Tatizo ni nani anayesikika. Katiba imezikabidhi kaunti huduma za mifugo, lakini usimamizi wa taaluma yenyewe umebaki kwa Serikali ya Kitaifa. Mfugaji wa Turkana huhudumiwa na kaunti yake, ilhali masharti yanayomwongoza mhudumu wake hutungwa Nairobi, tena kwa Kiingereza.

Vijijini, neno "daktari" humfaa yeyote mwenye bomba la sindano. Sheria, kwa upande wake, humtenga mwenye shahada ya udaktari wa mifugo na mtaalamu msaidizi, na humharamisha kabisa asiyesajiliwa. Tofauti hiyo isipokuwa na jina katika kinywa cha mfugaji, ataijuaje? Mlaghai atamdunga ng'ombe wake dawa pungufu, mnyama afe, au viini vizoee dawa na mabaki yake yaingie katika maziwa tunayowapa watoto.

Kuna pia swali gumu zaidi. Kanuni zikiwabana mno wasaidizi, maeneo kame yasiyo na madaktari wa kutosha yatabaki bila tabibu. Zikilegezwa mno, walaghai watapata mwanya. Mizani hiyo haiwezi kupimwa na wanataaluma peke yao, maana kila kundi huvutia kamba upande wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na anayekilalia hapa ni mfugaji.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo halina mashiko. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Napendekeza kila rasimu ya kanuni iandamane na muhtasari wa Kiswahili fasaha, wenye majina yaliyokubaliwa kwa kila ngazi ya wahudumu, nao usomwe katika mabaraza na minadani kabla ya rasimu kupelekwa Bungeni.

Walimu na wanafunzi wetu wa Kiswahili wana kazi hapa. Wachukue rasimu moja, waifasiri darasani, kisha wamsomee mfugaji. Maswali atakayouliza ndiyo maoni ya umma ambayo sheria inayataka.