Turbo imechoka? Lipa fundi apime kwanza

Wadau, leo naongea na kila kijana wa Timau, Nanyuki na Meru mwenye Subaru ya turbo ambayo injini imechoka na mfukoni hakuna kitu. Msimamo wangu ni huu: pesa ya kwanza kutoka kwako isiende kwa spea. Iende kwa fundi, umlipe kupima. Kupima tu. Najua inasikika kama kutupa pesa, lakini hebu tupige hesabu pamoja.

Hizi gari ni za zamani, tukubali. Ile Forester ya SG5 tunayoipenda ilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hivyo zile zilizopo ndizo zilizopo, na zimetembea. Sasa moja inaanza kula oili. Moshi wa bluu asubuhi, nguvu imepotea mlimani. Unaipeleka kwa fundi unamwuliza, "Shida ni nini?" na unataka jibu la bure, hapo hapo, akiwa bado hajashika spana.

Hapo ndipo tunajiharibia. Huku kwetu hakuna mtu analipa fundi kwa kusikiliza injini na kupima. Tunamlipa akifungua na akileta spea. Na yeye pia ana kodi ya nyumba na watoto shuleni. Atakula wapi? Kwa spea. Ndiyo maana jibu karibu kila mara ni moja: "Hii imeisha, tutafute ingine ya mtumba." Mimi simlaumu. Sisi wateja ndio tumesema ukweli wake hauna bei.

Moshi wa bluu unamaanisha oili inaungua, lakini haukuambii inapitia wapi. Inaweza kuwa ringi za pistoni. Inaweza kuwa sili za valvu. Inaweza kuwa turbo yenyewe imechoka ndani wakati pistoni ziko sawa kabisa. Inaweza hata kuwa bomba la kupumulia la injini limeziba, kitu cha pesa kidogo sana. Hizo ni bei nne tofauti, na kwa macho moshi ni ule ule.

Fundi akipima kompresheni, anapata namba ya kila silinda. Ikiwa moja iko chini, anaweka oili kidogo kwenye hiyo silinda na kupima tena. Ikipanda, shida inaelekea kwa ringi. Ikikataa kupanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Hiyo si kazi ya wiki, ni ya masaa.

Na kuna kitu cha watu wa mlimani. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo geji inasoma chini. Injini ambayo ingesoma 160 Mombasa, huku inaweza kusoma 125 au 130 na bado ni nzima. Mtu akilinganisha na namba za kitabu bila kukumbuka hiyo, atakuambia injini imekufa na haijakufa. Cha kuangalia kwanza ni kama silinda zote nne zinakaribiana.

Kuna wale watasema mtumba ni haraka na ni rahisi kuliko kujenga upya. Mara nyingine wako sawa. Ikiwa konrodi imetoboa bloku, hakuna cha kujenga hapo. Lakini hiyo injini ya mtumba nayo imetoka kwa gari ya umri huo huo, na hujui ilikuwa inabadilishwa oili lini. Kama huwezi kulipia kupima yako, je, utapima hiyo? Wengi hawapimi. Wanaifunga na turbo ile ile ya zamani, na bomba za oili zile zile chafu, halafu baada ya miezi michache wanarudi pale pale.

Ukishapima na ikabidi ujenge, pesa ifuate oili. Krenki ipimwe. Beringi za konrodi ziwe mpya. Pampu ya oili na bomba la kuvuta oili chini viangaliwe vizuri, kwa sababu hilo bomba likipasuka injini inanyonya hewa. Kama beringi ilisagika, vipande vya chuma vimejificha kwenye kipozea oili na kwenye turbo, na vitamaliza beringi mpya. Baadhi zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba linaloenda kwa turbo. Kikiziba, turbo inakauka. Usibanie mkanda wa taiming pia, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Pa kubania papo. Pistoni zikipimwa zikawa sawa, zirudi na ringi mpya. Kufungua, kuosha na kuandika kila bolti imetoka wapi unaweza kusaidia mwenyewe. Egzosti ya kunguruma na kuongeza presha ya turbo ziachie mwenye pesa ya kuchezea.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu hapa gari si mapambo. Kuna mtu anabeba watu kutoka Isiolo, ambako ni kama mita 1,100, akipanda mpaka Subuiga na mzigo nyuma. Kadiri anavyopanda, turbo inazunguka kwa kasi zaidi kutafuta hewa ile ile, na inategemea oili safi kila sekunde. Na mara nyingi logbuku ya hiyo gari imewekwa dhamana. Injini ikikufa, mkopo haufi.

Chuo mimi niliacha, kwa hivyo sijakuja kuwafundisha uhandisi. Hii ni hesabu ya duka tu: usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa, na usitarajie daktari akupime bure. Vijana watano wenye Subaru wanaweza kuchanga na kununua geji moja ya kompresheni, wakampa fundi wao atumie.

Safari ijayo ukifika gereji, sema hivi: "Fundi, nipimie silinda zote, uniandikie namba nne kwa karatasi. Hiyo kazi nitakulipa hata kama hatutabadilisha kitu." Akikubali, umepata fundi. Akikataa, umejua mapema, na injini yako bado iko ndani ya gari.