Kodi Inayopanda Bila Kura

Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipotangazwa Singida, siku ya Mei Mosi 2025, kuwa kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai, vifijo vilistahili, kwani nyongeza ya asilimia 35.1 si haba. Bajeti ya 2025/26 iliyofuata, hata hivyo, iliyaacha madaraja ya kodi ya mishahara palepale yalipowekwa mwaka 2020, na kwa uzembe huo sehemu ya nyongeza ikarudi Hazina kabla haijamfikia mtumishi.

Madaraja hayo, yaani mafungu ya mshahara ambayo kila moja hutozwa asilimia yake, yamepangwa hivi Tanzania Bara: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, zinazozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni. Mtumishi wa kima cha zamani, baada ya kukatwa mchango wa pensheni wa asilimia 5, ambao huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa, alibaki na 351,500 na kutozwa 6,520; wa kima kipya hubaki na 475,000 na hutozwa 16,400. Mshahara umeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi, ilhali kodi imekuwa mara mbili na nusu. Akiongezwa asilimia 10 nyingine atafika 522,500 baada ya mchango, na hapo ataingia daraja la asilimia 20 akiwa bado hana cha kuitwa ukwasi.

Watetezi wa hali hii husema kwamba mtumishi amefaidika hata hivyo, kwamba walipakodi ni wachache, na kwamba kusogeza madaraja huwanufaisha pia wenye mishahara minono. Hoja hizo zina ukweli wake, ingawa hiyo ya mwisho ingetibiwa kwa kuongeza daraja la juu zaidi, jambo ambalo watetezi hao hawalitaji.

Hakuna hata moja inayogusa kiini. Ibara ya 138 ya Katiba inataka kodi itozwe kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Asilimia 8 ikitakiwa kuwa 10, Waziri wa Fedha hana budi kupeleka muswada Dodoma, wabunge wakaujadili, vyama vya wafanyakazi vikapaza sauti. Madaraja yakiachwa yaduwae huku bei na mishahara ikipanda, mzigo huongezeka vilevile, na hakuna anayesimama bungeni kuutetea wala kuupinga. Tangu 2020 mfumuko wa bei umekuwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, kiasi cha kujivunia, lakini miaka mitano yake inatosha kufanya kile kilichonunuliwa kwa 270,000 kihitaji zaidi ya 310,000. Kiwango kisichotozwa kodi kimeshushwa kwa thamani, na kura ya kukishusha haikupigwa. Nafuu ikija, huja kama zawadi: Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, ilitangazwa kwamba asilimia 9 itakuwa 8, punguzo ambalo halizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kwa mtu yeyote, na likashangiliwa kana kwamba limetoka mfukoni mwa aliyelitoa.

Dawa inajulikana. Marekani, kwa sheria ya 1981 iliyoanza kutumika upande wa madaraja mwaka 1985, mafungu hayo husogezwa kila mwaka kulingana na bei, na anayetaka zaidi ya hapo hulazimika kuliomba Bunge waziwazi. Kisingizio kwamba hesabu ni ngumu hakivumiliki, kwa kuwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi ya bei kila mwezi, na kifungu chenyewe katika Sheria ya Kodi ya Mapato kisingezidi aya mbili. Hazina hailalamikii ugumu wowote inapokokotoa makato ya maelfu ya watumishi kila mwisho wa mwezi.